Pama, Mikono Mirefu na Kijiko cha Chai

Hotuba kwa wazazi, walimu na wanafunzi wa shule moja ya msingi kandokando ya Ziwa Victoria, mkoani Mwanza, katika juma la Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino, Juni 13.

Mwalimu mkuu, walimu wetu, mwenyekiti wa kijiji, wazee, akina mama mlioacha dagaa ufukweni mkaja kunisikiliza: shikamooni. Na ninyi wanangu mliokaa hapo mbele, marahaba.

Kabla sijasema lolote, naomba watoto wa upande ule wa kulia, waliofikiwa na jua, wasogee waingie chini ya mwembe. Na wewe uliyeshika begi, sogea. Tutawasubiri, hatuna haraka.

Asanteni. Mimi ni mfamasia. Nina kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, mwenye ualbino. Kwa miaka mingi mimi ndiye niliyekuwa namtumia mafuta ya kukinga jua kutoka mjini. Kila asubuhi akishaoga alikuwa anakamua kidogo, kiasi cha punje ya harage, anajipaka mashavuni na kwenye paji la uso, anasugua mpaka yapotee, kisha anakwenda shamba. Hakuruka siku. Mashavu yake yalikaa salama. Lakini juu ya sikio la kushoto palianza gamba dogo kavu. Akawa analikwangua, linatoka damu, linakauka, linarudi. Alipofika hospitali kipande cha sikio kikabidi kikatwe. Namshukuru Mungu yu hai, anafuga kuku, na ukikutana naye utaliona sikio lenyewe.

Nilipomuuliza kama alikuwa anapaka masikio, alinitazama akaniuliza: "Kumbe masikio nayo yanapakwa?"

Swali hilo lilinichoma, kwa sababu aliyepaswa kumwambia ni mimi. Nilimpa chupa, sikumpa maelezo. Leo nimekuja kuwapa maelezo niliyomnyima kaka yangu.

Tuanze na jua lenyewe. Mwanga tunaouona na joto tunalolisikia siyo vinavyoharibu ngozi kwa namna ninayoizungumzia. Kuna mionzi mingine, inaitwa urujuanimno, jicho haliioni na ngozi haiisikii inapoingia. Wataalamu wanaigawa, na aina mbili zinatufikia ardhini: UVB, ambayo ndiyo hasa inayobabua na kuacha ngozi nyekundu, na UVA, inayopenya ndani zaidi, inayopita hata kwenye kioo cha dirisha la daladala. Zote mbili huharibu chembe za ngozi, na uharibifu ukilimbikizwa miaka na miaka huzaa saratani. Kwa kuwa mionzi hii haina joto, upepo wa ziwani unakudanganya. Unasikia ubaridi, unadhani jua limepoa, kumbe unaungua. Wingu jepesi nalo hupitisha sehemu kubwa ya mionzi. Na sisi hapa tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta, tena tuko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda juu ndivyo hewa ya kuichuja mionzi inavyopungua.

Mungu ametupa rangi ya ngozi, melanini, kuwa kinga. Mwenye ualbino mwili wake hautengenezi melanini ya kutosha, basi. Hakuna laana hapo, hakuna mkosi, hakuna kosa la mama. Ni urithi kutoka kwa wazazi wote wawili, na mara nyingi wao wenyewe hawajijui kuwa wanaubeba.

Sasa nishike hili kopo. Ndani mna nini? Ukisoma orodha ya viambato, tafuta kwanza majina mawili: zinki oksaidi na titaniamu dioksaidi. Hayo ni madini, unga mweupe uliosagwa laini sana. Watu wengi husema madini haya hurudisha mionzi kama kioo. Sehemu ndogo tu ndiyo hurudishwa. Kazi kubwa ya madini haya ni kuinyonya mionzi isifike kwenye ngozi. Zinki ina sifa moja ninayoipenda: inakinga UVB na sehemu kubwa ya UVA peke yake, na haiharibiki haraka juani. Tena ni laini kwa ngozi za watoto na ngozi zinazowashwa upesi. Ubaya wake ni weupe. Kwa mtu mweusi huacha rangi ya majivu usoni. Kwa mtoto mwenye ualbino weupe huo si tatizo, tena unamsaidia mama kuona wapi amepaka na wapi ameruka.

Kundi la pili ni kemikali kama avobenzoni, oktokrileni, oktinoksati na oksibenzoni. Hizi hunyonya mionzi na kuigeuza joto kidogo sana. Hazionekani usoni, kwa hiyo watu huzipenda. Lakini zinategemeana. Avobenzoni ni hodari kwa UVA ila ikikaa juani peke yake huvunjika, ndiyo maana watengenezaji huichanganya na oktokrileni ili iimarike. Mchanganyiko mzuri ni kazi ya fundi. Ukiongeza chako nyumbani, ukatia mafuta ya nazi ili yaenee kwa wengi, umeuharibu.

Kuna maswali kuhusu kemikali hizi, na sitayaficha. Mwaka 2019 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa pendekezo ikisema kuwa, kwa ushahidi uliopo, ni zinki oksaidi na titaniamu dioksaidi tu zinazotosha kuhesabiwa kuwa salama na zenye kufanya kazi. Nyingine kadhaa zikaombewa utafiti zaidi, kwa kuwa zimeonekana kuingia kwenye damu. Kuingia kwenye damu si sawa na kudhuru, na mamlaka hiyohiyo iliwaambia watu wasiache kujipaka. Jimbo la Hawaii nalo limezuia kuuza mafuta yenye oksibenzoni na oktinoksati tangu Januari 2021 kwa kuhofia matumbawe ya bahari. Ushauri wangu: ukiwa na nafasi ya kuchagua, hasa kwa mtoto, chagua yenye zinki. Ukikosa, yapake hayo uliyonayo. Saratani ya ngozi kwa mwenye ualbino si jambo la kukisia, tunaiona kliniki.

Na habari njema ni kwamba hatulazimiki kungoja kila kopo litoke ng'ambo. Moshi, pale hospitali ya rufaa ya KCMC, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza 1992, yanatengenezwa mafuta yanayoitwa Kilisun, yaliyobuniwa kwa ajili ya ngozi ya mwenye ualbino wa Afrika. Mradi huo ulianzishwa na mfamasia wa Kihispania, Mafalda Soto, na miongoni mwa wanaoyatengeneza wamo watu wenye ualbino wenyewe. Mimi kama mfamasia hilo linanipa faraja kubwa, kwamba anayekoroga anajua kwa ngozi yake kile anachokoroga.

Halafu kuna namba ya SPF, yaani kipimo cha kinga ya jua. SPF 15, SPF 30, SPF 50. Wengi mnadhani 50 ni zaidi ya mara tatu ya 15. Ukipaka inavyotakiwa, SPF 15 inazuia kama asilimia 93 ya mionzi ya UVB, SPF 30 kama 97, SPF 50 kama 98. Kwa mwenye ualbino tafuta kuanzia 30, na 50 ikipatikana ni bora zaidi. Lakini namba hiyo inahusu UVB. Kwa UVA tafuta herufi UVA, na kwenye chupa za Ulaya huwa zimezungushiwa duara. Chupa yenye SPF kubwa bila kinga ya UVA ni nusu mlango.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo kaka yangu alipoumia. Namba iliyoandikwa kwenye chupa ilipimwa maabara kwa kupaka miligramu 2 kwenye kila sentimita moja ya mraba ya ngozi. Hayo ni mafuta mengi, mengi kuliko mtu yeyote anavyodhani. Watu wakijipaka wenyewe nyumbani, kwa kawaida hupaka robo mpaka nusu ya kiasi hicho. Na ukipaka nusu, hupati 50 tena. Chupa inaendelea kusema 50, ngozi yako inapata kidogo sana.

Njoo, mwanangu, wewe mwenye sweta. Jina lako tutaliacha. Vua kofia kidogo, uko kivulini. Mama, naomba kijiko. Hiki ni kijiko cha chai cha kawaida, cha kukorogea sukari. Nakijaza mafuta, nakisawazisha. Mnakiona? Hiki chote ni cha uso, masikio na shingo ya mtu mzima. Kwa mtoto wa umri huu kinapungua kidogo tu. Nasikia mtu anaguna kule nyuma. Ndiyo, chote! Siyasugui mpaka yapotee. Naweka madoa madoa: paji la uso, pua, mashavu, kidevu. Naeneza polepole. Sasa sikio, juu kabisa kwenye ukingo, nyuma yake, na ndani ya mkunjo. Huku nyuma ya shingo mpaka chini ya kola, kwa sababu kola hucheza mtoto akiinama. Kwenye mstari wa nywele. Midomo ina mafuta yake ya fimbo, kama hakuna paka haya kwa kidole. Angalieni alivyobaki na weupe. Weupe huo utatulia baada ya dakika chache. Nusu kijiko kingine kwa viganja, upande wa juu. Amemaliza. Asante, baba, vaa kofia yako.

Amepakwa robo saa kabla ya kutoka, siyo akiwa njiani. Na kila baada ya saa mbili akiwa nje anapakwa tena. Akiogelea, akitoka jasho, akijifuta kwa taulo, anapakwa tena bila kungoja saa mbili.

Wazazi, najua mnapiga hesabu, kwa sababu na mimi nimeipiga. Mtu mzima aliyevaa singlendi na kaptula anahitaji kijiko kimoja cha uso na shingo, kimoja kwa kila mkono, viwili kwa kila mguu. Vijiko saba. Kijiko ni mililita 5, kwa hiyo ni mililita 35 kwa mara moja. Chupa ya mililita 100 haimfikishi kupaka mara tatu! Nani kijijini hapa ataiweza hiyo? Mimi mwenyewe sitaiweza.

Mvalishe mtu huyohuyo shati la mikono mirefu, suruali na pama. Kilichobaki wazi ni uso, shingo na viganja. Kijiko kimoja na nusu. Chupa ileile inapaka mara kumi na tatu, karibu juma zima kwa kupaka mara mbili kwa siku. Nguo ndiyo inayofanya mafuta yatoshe. Tumezoea kuyataja mafuta kwanza na nguo baadaye, na huko ndiko tunakokosea. Mafuta ni ya pale ambapo nguo haifiki.

Nguo gani? Inyanyue juu uitazame kuelekea kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapenya katikati ya nyuzi, na mionzi inapenya. Fulana nyeupe nyembamba ya pamba inakinga kidogo sana, na ikilowa inazidi kudhoofika. Jinzi inakinga vizuri mno. Kitenge kizito ni kizuri, kanga iliyochakaa si nzuri. Kofia iwe pama yenye ukingo wa vidole vinne kuzunguka pande zote. Kapelo hukinga paji na pua, masikio hayamo, na kaka yangu alikuwa mtu wa kapelo.

Mama mwenye mtoto mchanga, chini ya miezi sita usimpake mafuta haya. Kivuli na nguo. Ukimbeba mgongoni tazama nyayo na utosi, ndivyo vinavyotokeza nje ya kanga. Mwavuli ufunguliwe hata kama hakuna mvua, msimwonee mtu haya. Na akina mama wa dagaa, mchanga mkavu unarudisha juu kiasi cha asilimia 15 ya mionzi. Mtoto aliyekaa chini ya turubai pembeni ya uanikaji bado anapata jua kutoka chini.

Walimu wangu, nimewaachia ombi. Sare ya shule ni kaptula na mikono mifupi. Naomba mtoto mwenye ualbino aruhusiwe mikono mirefu na suruali, na mtoto wa kike sketi ndefu na soksi za kufika magotini, bila kuja na barua kila muhula. Naomba asiambiwe avue kofia mstarini. Najua kofia huvuliwa kwa heshima ya bendera. Basi mstari wake uwe kivulini, aivue pale. Naomba kufagia uwanja afagie saa moja asubuhi, na mchezo wa mpira acheze jioni. Na kopo lake likae kabatini mwa mwalimu wa darasa, ili wakati wa mapumziko apake bila kuomba ruhusa. Akae mbele pia, kwa kuwa macho yake nayo yanaumizwa na mwanga na haoni ubao vizuri. Haya hayahitaji bajeti.

Saa ya hatari ni ipi? Vitabu husema kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi alasiri. Kwa Mwanza jua linafika juu kabisa karibu saa saba kasorobo, kwa hiyo usidhani saa nane limeshapoa. Mtoto asiye na saa mfundisheni kivuli: kivuli chake kikiwa kifupi kuliko urefu wake, akimbilie mwembe.

Nitasema kidogo kuhusu sisi weusi, kisha nirudi. Melanini yetu inatukinga kiasi kikubwa, na saratani ya ngozi inayoletwa na jua kwetu ni nadra. Sitamwambia kila mtu hapa akanunue mafuta. Ila nasema juu ya mkorogo. Dada anayejipaka mkorogo anaivua ile kinga yake mwenyewe, kisha anatoka juani sokoni. Madoa meusi mashavuni yanamzidi, anaongeza mkorogo, madoa yanazidi tena. Humo mna haidrokwinoni, mna zebaki, mna steroidi, na vipodozi vya haidrokwinoni na zebaki vimepigwa marufuku nchini. Mwenye madoa aache mkorogo, avae pama. Limau nalo, msijisugue limau usoni mkatoka juani, linaunguza na kuacha alama. Na ukipewa doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, hospitali, jua litakubabua upesi kuliko kawaida, ujue.

Mtu aliniuliza kama mafuta ya mgando yanafaa, au ya alizeti, au ya nazi. Yanalainisha ngozi, hayazuii jua. Tafadhali.

Na je, kweli haya yote yanafanya kazi, au ni maneno ya wauza dawa? Huko Australia, katika mji wa Nambour, jimbo la Queensland, kati ya 1992 na 1996 watafiti waliwagawa watu zaidi ya 1,600. Nusu waliambiwa wapake kila siku, kichwani, shingoni na mikononi. Nusu waendelee kama walivyozoea. Saratani ya aina ya skwamasi, inayoanzia kwenye tabaka la juu la ngozi, hiyohiyo inayowamaliza ndugu zetu wenye ualbino, ilipungua kwa karibu asilimia 40 kwa waliopaka kila siku. Mafuta yenyewe yalikuwa SPF 16 tu. Si namba kubwa, si mafuta ya ajabu. Walipaka kila siku.

Mafuta yatunzeni. Nyumba ya bati mchana ni tanuri. Liweke kopo sakafuni, karibu na mtungi wa maji, mbali na dirisha. Usiliache kwenye boksi la bodaboda. Ukikamua ukaona maji yanatangulia, au harufu imegeuka, au tarehe imepita, lisipakwe. Niliwahi kununua chupa kumi kwenye duka moja mjini, zote zilikuwa zimekaa dirishani kwenye jua, ndani zimekatika kama maziwa yaliyoganda. Nilizitupa, na fedha ilikuwa imekwenda.

Na kila Jumapili, mama, mkagueni mtoto mahali penye mwanga: masikio, midomo, pua, shingo kwa nyuma, migongo ya viganja. Gamba kavu lisiloondoka. Kidonda kinachokauka na kurudi. Mchubuko wa mdomo usiopona ndani ya mwezi mmoja. Hapo mje hospitali, msijikaze mkangoja. Kikiwa kidogo kinagandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi kali, ni dakika chache, mtoto anarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Meza ziko pale chini ya mwembe wa pili. Kila mtu mwenye ualbino, mkubwa na mdogo, apite akaguliwe. Wenye vidonda watangulie, wafuate watoto wadogo. Mwenye chupa ya zamani nyumbani aende akailete tuisome pamoja. Na kila atakayepokea kopo atajipaka palepale mbele yangu kwa kijiko, nami nitatazama masikio.